Vioo Viwili vya Népo

Mume wangu Népomuscène ndiye mtu wa kwanza katika kituo chetu cha baiskeli cha Cibitoke, hapa Bujumbura, kufunga vioo, na alichekwa kwa hilo mpaka wenzake wakachoka wenyewe. Vilikuwa vioo vya pikipiki, vya mkono mrefu, kimoja cha mviringo na kingine cha pembe, kwa kuwa havikutoka kwenye pikipiki moja. Alivinunua kwa mzee Majid, ambaye familia yake ilikuja kutoka Omani enzi za babu wa babu yake na mpaka leo inauzia mji huu minyororo na pedeli. Kila alipofika kituoni wenzake walimwuliza, "Népo, unaenda mu harusi?" Yeye aliwatazama midomo, akangoja wamalize, kisha akacheka. Wakasema ni mtu mpole, asiye na haraka ya kujibu. Upole anao kweli, lakini kule kungoja kulikuwa kazi. Alikuwa anasoma walichosema.

Népo hasikii. Hilo nililijua mimi mkewe, Spès, ambaye mtaani naitwa Mama Joëlla, na alilijua Joëlla binti yetu. Wengine wote tuliwaficha.

Ilianza na malaria iliyompanda kichwani. Alilala akitundikiwa chupa za kinini mkononi mpaka tukaanza kuwapigia ndugu simu wajiandae. Akapona. Nguvu zikarudi, hamu ya ugali ikarudi, lakini masikio hayakurudi. Mwanzoni alilalamika kwamba kuna nyuki ndani ya kichwa. Baadaye nyuki wakanyamaza, na kila kitu kingine kikanyamaza pamoja nao. Nilimwita jina lake akiwa amenipa mgongo, nikiwa na sahani yake mkononi, na nikabaki nimesimama na sahani ile.

Najua utakachouliza. Kiziwi anafanyaje kazi ya kubeba abiria kwa baiskeli mjini Bujumbura? Na mimi nakuuliza, angefanya kazi gani nyingine? Ndiyo aliyoijua tangu ujana. Siku hizi mafuta ni kitu cha kuhangaikia kwenye foleni, na watu wa Cibitoke wamerudi kwenye baiskeli waliyokuwa wakiidharau. Tulikuwa tunakula kwa miguu ya Népo, na miguu haikuwa na ugonjwa wowote.

Shida ilikuwa jile. Kila mwendesha baiskeli wa chama chetu huvaa jile, kizibao chenye namba mgongoni, na bila hiyo hupakii mtu wala mzigo. Shaabani, mwenyekiti wetu, husoma kanuni za chama kila mwaka kwa sauti ya mahubiri: jile hapewi mlevi, hapewi mwenye jicho moja, hapewi asiyesikia. Akifika hapo kwenye asiyesikia, Népo alikuwa anatikisa kichwa kukubali pamoja na wenzake, kwa sababu aliwaona wenzake wanatikisa. Mimi nilikuwa nakaa nyuma ya Shaabani pamoja na wanawake wengine, roho mkononi.

Na lazima uelewe honi. Hapa kwetu honi ni neno kamili. Fupi ni salamu, au nipo nyuma yako. Ndefu ni toka. Dereva akishapiga ile ndefu, moyoni mwake njia imekuwa yake, na usipotoka, litakalokupata umelitaka mwenyewe. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Lakini ajali ikitokea, sikiliza watu waliosimama pembeni wanauliza nini kwanza. Hawaulizi gari lilikuwa na mwendo gani, wala kama njia ilikuwa nyembamba. Wanauliza, alipiga honi? Akishapiga, wanampa pole aliyeumia na kuendelea na safari zao. Jambo hilo linanikera kuliko ninavyoweza kueleza.

Kwa vioo vile Népo alijifunza kuiona honi. Usicheke, ndivyo ilivyokuwa. Kioo cha kushoto alikielekeza barabarani. Aliniambia dereva anayepiga honi hushusha bega kidogo na kiganja chake huja katikati ya usukani, na watu wa pembeni hugeuza vichwa kabla gari halijafika. Akiona hivyo, alikuwa anatoka njiani mapema kuliko wenye masikio yao mazima. Kioo cha kulia alikielekeza usoni mwa abiria. "Mi napendaka kuona muteja," aliwaambia, "kaa pale nikuone." Wateja wakaona ni adabu. Mama mmoja wa Kinanira, aliyekuwa akija Cibitoke kwa fundi wake wa nguo, alitangaza kituoni kwamba Népo ndiye mwanamume pekee Bujumbura anayekutazama mdomoni unapozungumza, na kwamba bwana wake aje ajifunze. Bwana akaja kweli, hakuja kujifunza, na ilibidi nitoke mimi na kilemba changu kumtuliza.

Lakini wateja hawatulii. Wanawake hukaa upande, uso ukielekea kwenye maduka, na vijana huinamia simu. Mtu akasema simama hapa, Népo akampitiliza mpaka mtaa wa pili. Ugomvi ukaanza kuwa mwingi. Basi akaacha abiria, akaanza kubeba mizigo ya wachuuzi wa Gatumba, kule mpakani. Godoro halikuambii simama hapa. Nikadhani tumepumua.

Godoro likifungwa nyuma ya baiskeli linasimama kama ukuta. Vioo vikabaki kumwonyesha magodoro. Siku niliyomwona akitoka mtaani hivyo, haoni nyuma na hasikii nyuma, nilikimbia nikakamata keria. Tuligombana barabarani, mimi nikipiga kelele ambazo hazikumfikia. Mwishowe nilimwambia usoni, neno moja moja, "Bila macho ya nyuma, haendi mutu."

Aliyetuokoa ni Zayd, mtoto wa mzee Majid, mtu mzima mwenye familia yake, ambaye ndiye anayeendesha duka siku hizi. Zayd alishagundua siri peke yake. Muuza duka anamjua mteja anayejibu swali ambalo hakuulizwa. Hakumwambia mtu. Alichukua kamera ndogo ya gari, ya mtumba, akafunga jicho lake chini ya keria, akapitisha waya kwenye fremu mpaka kwenye betri ya pikipiki, na kioo chake kidogo cha kuonyesha picha akakiweka kwenye usukani. Népo akawa anaona nyuma hata akiwa amebeba godoro la kitanda kikubwa. Kamera ilikuwa na kadi ya kutunza picha, na kispika kidogo kama kifungo cha shati. Mvua ya kwanza ilikiua kispika, na nyumbani kwetu hakuna aliyekililia.

"Kaka Népo, hii itakulinda," Zayd alimwambia, akimtazama machoni. "Mtu akikugonga, picha iko. Hawezi kukataa."

Tuliamini. Nami nilianza kulala usingizi mzuri. Kitu kimoja tu Népo hakukipenda: kwenye kamera magari yalikuwa madogo mno. Gari aliliona, lakini dereva hakumwona, wala bega lake, wala mkono.

Ajali ilitokea asubuhi, akirudi kutoka Gatumba. Mto Rusizi ulikuwa umelala barabarani tena, na ulipoondoka uliacha ukingo wa lami umeliwa, upande wa kulia tope na mashimo. Népo aliona pikapu kwenye kamera. Aliiona ikikua. Akajisemea, itangoja nimalize shimo hili, halafu nitaipa njia. Haikungoja. Ilipita, ubavu wake ukakamata godoro, na mume wangu akatupwa kwenye tope pamoja na mzigo. Bahati yake aliangukia juu ya godoro. Alichubuka mkono, goti likavimba, mikono ya vioo ikapinda. Mungu alikuwa macho.

Dereva, mtu mmoja anayeitwa Arnaud, alisimama. Sitamsingizia, alisimama, akamtoa kwenye tope. Lakini taa yake ilikuwa imepasuka na alikuwa na mabosi wa kuwajibu, akasoma namba kwenye jile na kwenda kwa Shaabani kushtaki. Alisema alipiga honi, mwenye baiskeli akakataa kutoka. Alitaka jile ile ichukuliwe.

Népo aliposikia, yaani nilipomwambia, alicheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke. "Hakupiga honi yoyote," alisema. "Na kamera iko."

Tulikaa kitandani, goti lake juu ya mto, tukatazama picha kwenye kile kioo kidogo. Ilionekana vizuri kabisa: shimo, tope, baiskeli inayokwenda sawasawa, pikapu inakuja, inakuja, haipunguzi, inaingia. Tuliitazama mara nyingi. Joëlla akaitazama. Kila mara nilikasirika upya, na kila mara nilifurahi. Hakuna mtu mwenye macho ambaye angeona vile akamlaumu mume wangu. Nilifua jile, nikaianika, nikaipiga pasi, na ni nani anayepiga pasi jile.

Mkutano ulikuwa kwenye chumba cha chama, siku ya Ijumaa baada ya Shaabani kurudi kutoka msikitini. Wajumbe walikaa kwenye mabenchi. Mimi nilikaa mahali pangu, mbele ya Népo, nyuma ya bega la Shaabani, kama tulivyozoea. Kila mtu aliposema neno ambalo Népo hakuweza kuliona, mimi nilikuwa nalirudia kwa midomo tu, bila sauti. Tulikuwa tumepita mikutano mingi hivyo.

"Nilipiga honi, muzee," Arnaud alisema. "Murefu. Huyu bwana alikaa tu mu njia. Ni kama alinizarau."

Midomo yangu ikampelekea Népo maneno hayo. Akasimama.

"Apana. Hakupiga. Kama angepiga, ningetoka. Mi sina zarau na gari, gari ni chuma. Muangalie kamera."

Alisema vizuri, kwa sauti ya kawaida, na wajumbe wakanong'onezana kwa kukubali. Zayd, aliyekuja kwa hiari yake kutusaidia, akatoa kadi na kuiweka kwenye kompyuta aliyokuja nayo. Akaigeuza ili wote waone. Akabonyeza.

Chumba kikajaa sauti. Upepo, mnyororo wa baiskeli, tope linalorushwa na gurudumu. Nilishtuka, kwa sababu sikuwahi kufikiri kwamba picha ile ina sauti. Zayd naye alishtuka, nilimwona. Kisha honi ikaanza. Haikuwa fupi. Ilikuwa ile ndefu, ya kutoka mbali, ikakatika, ikarudi ndefu zaidi, ikaja ikikua pamoja na pikapu mpaka bati lilipogonga na kila kitu kikanyamaza.

Nyumbani nilikuwa nimeiona ajali ile kama yeye alivyoiona, bila sauti, na kwa ukimya ule nikawa na uhakika kama yeye.

Népo alikuwa anatabasamu. Alikuwa ameinama kuelekea kompyuta, kidole kimenyooka.

"Rudisha, Zayd," alisema. "Warudie pale anaingia. Bengine hawakuona vizuri."

Zayd alinitazama mimi. Shaabani akasema, taratibu, "Rudisha." Honi ikalia tena chumba kizima, na mume wangu akafuata kwa kidole jinsi pikapu inavyokuja, akiwaonyesha wajumbe, mmoja baada ya mwingine, jinsi alivyokuwa amekaa sawa upande wake.

"Népo," Shaabani akasema, "ulituambia hakupiga."

Macho ya Népo yakaja kwangu kuchukua maneno. Nilifikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri maishani. Mwongo hufungiwa jile kwa muda kisha hurudishiwa. Chama chetu kina waongo wengi na wote wako barabarani. Asiyesikia harudi. Nikasimama, nikasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Alidanganya, muzee. Alisikia honi. Ni mutu wa kichwa nguvu, mi bibi yake ninajua. Mumupe azabu ya muongo."

Népo aliyasoma yote. Niliona yanaingia usoni mwake, neno kwa neno. Hakujua sababu. Alichokiona ni mke wake amesimama mbele ya watu na kumwita mwongo, na yeye alikuwa hajadanganya. Akarudi kutazama ile kompyuta, ingawa picha ilikuwa imekwisha.

Shaabani si mtu mbaya. Nimejaribu kumchukia tangu siku ile na nimeshindwa. Aliinuka, akapita polepole nyuma ya benchi, akasimama nyuma ya mume wangu, upande wa kulia. Chumba kizima kikajua anachofanya. Nami nilijua.

"Népo," aliita. Hakunong'ona wala hakupaza sauti.

Népo alitazama kompyuta.

"Népomuscène."

Nilimtumia kwa midomo: geuka, geuka. Aliponiona, aligeuka upesi sana, kwa nguvu, kama mtu aliyeitwa. Aligeukia kushoto. Hapakuwa na mtu kushoto. Shaabani alibaki amesimama kulia kwake, na wajumbe wakaanza kutazama sakafu. Arnaud akavua kofia yake na kuikunjakunja. Hata yeye hakutaka kushinda namna ile.

"Mama Joëlla," Shaabani akaniambia, "mi sitamuambia kwa mugongo. Mwambie we."

Nikaenda mbele ya mume wangu. Hakukuwa tena na haja ya kujificha nyuma ya bega la mtu. Nilizungumza kama nyumbani, polepole, mdomo wazi, na kila mtu akaona jinsi tunavyozungumza.

"Ilipiga," nilisema.

"Nini?"

"Honi. Iko mu kamera. Wote wamesikia."

Alifikiri. Nilimwona anarudi peke yake kwenye barabara ile, anaitafuta honi mahali fulani kati ya shimo na tope, haioni.

"Murefu?" aliuliza.

"Murefu."

Akavua jile. Niliinyoosha mikono nimsaidie kwa sababu ya mkono uliochubuka, akanizuia, akaivua mwenyewe na kuiweka mikononi mwa Shaabani. Kisha akamwambia Arnaud, "Basi unisamehe. Mi nilisema kweli yangu." Arnaud alijibu kitu akiwa ameinamisha kichwa, na Népo hakukipata, wala mimi sikumfikishia.

Nje, Zayd alikuwa anajaribu kusema samahani, samahani, kamera ni yake, angeisikiliza kwanza. Nilimwambia aache. Kosa lilikuwa la nani? Nilitafuta mtu wa kumkasirikia, nami nina hasira ya kutosha mtaa mzima, nikakosa pa kuiweka. Gari limemgonga mtu mgongoni mchana kweupe, watu wameona kwa macho yao, na bado aliyegongwa ndiye aliyeomba msamaha.

Népo aliinyoosha mikono ya vioo, akafuta kamera kwa shati lake. Akapanda baiskeli, mguu mmoja chini, akapiga keria kwa kiganja kama anavyonifanyia tangu tuwe wachumba.

"Panda," alisema. "We si muteja. Kwa bibi yangu siombi jile."

Nimepanda keria ile nikiwa na mimba ya Joëlla. Nimepanda na magunia, nimepanda kwenye mvua, nimepanda na masikio yake yakiwa yameshakufa, na sikuwahi kuogopa hata siku moja. Njia kuu ilikuwa pale mbele, magari yanapita, na yote yalikuwa yanapiga honi. Fupi, ndefu, ndefu. Nilizisikia zote. Nilishika keria, nikataka kukaa, na miguu ikakataa.

"Nitatembea kidogo," nilimwambia. "Miguu inataka kunyooka."

Alinitazama mdomo mpaka nikamaliza, na baada ya kumaliza aliendelea kuutazama. Kisha akashuka, akashika usukani, na tukasukuma baiskeli mpaka nyumbani, yeye upande wa barabara.